Linda mlango wa duka, si wa kuchonga tu: barua ya wazi kwa wanaousimamia Mji Mkongwe wa Zanzibar

Kwa Waheshimiwa wa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, Baraza la Manispaa Mjini, Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, pamoja na wizara zinazoshughulikia utalii na biashara.

Assalaam alaykum.

Mimi ni mfanyabiashara mdogo wa mtaa wa Mkunazini. Nauza kanga, vikoi na kofia, kazi niliyoirithi kwa mama yangu. Simsemei mtu wala chama. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe linawahusu wengi: wenye maduka, wenye nyumba, wakaazi, wateja wa Ng'ambo, yaani mji wa nje ya Mji Mkongwe, na wa shamba, na wageni wanaoshuka bandarini Malindi.

Nalo ni hili. Mji Mkongwe unauza kwa sababu ni mji unaokaliwa, ambao mtu ananunua humo kitambaa cha sikukuu, dawa ya kikohozi, sufuria na haluwa ya harusi, na mgeni anapita katikati ya hayo yote akanunua na yeye. Maduka hayo ya mahitaji yanaondoka mlango baada ya mlango, na nafasi zao zinachukuliwa na maduka ya zawadi za watalii yanayofanana tokea mwanzo wa mtaa hadi mwisho. Hili linatokea kwa sababu hakuna aliyekaa akaamua kwamba duka la aina gani libaki wapi. Nawaombeni mkae muamue.

Nianze na wageni, maana ndio hoja inayotolewa kila tunapolalamika. Ni kweli wanaongezeka. Mwaka 2023 waliingia Zanzibar wageni zaidi ya 600,000, na 2024 wakapindukia 700,000. Lakini wengi wao wanalala Nungwi, Kendwa, Paje na Jambiani, na mjini wanakuja kwa nusu siku tu, wakiongozwa, saa mkononi. Kule pwani bangili zipo, fulana zipo, picha za Tingatinga zipo hadi mlangoni mwa hoteli. Basi kuna sababu gani mtu huyo akae garini zaidi ya saa nzima aje kununua mtaa wa Gizenga kitu alichokiacha mita mia moja kutoka kitandani kwake?

Anakuja kwa ajili ya kile ambacho pwani haiwezi kujenga. Anaingia Darajani, sokoni kwenye jengo la 1904, anapita penye pweza na nguru, penye iliki na mdalasini, anavuka kuingia Mkunazini, na ghafla jua linakatika kwa sababu njia ni nyembamba na nyumba ni ndefu. Saa saba ya mchana anatembea kivulini bila ya kiyoyozi. Anamkuta sonara ameinama, muuza buriyani anafungua sufuria, watoto wa chuoni wanatoka na misahafu, wazee wamekaa kwenye kijiwe cha Jaws Corner na kahawa chungu wanabishana kuhusu mpira na siasa. Humo ndimo hamu ya kununua inamwingia. Nimewaona wageni wengi wakipita bila kugusa kitu kwenye maduka sita ya vinyago yaliyofuatana, kisha wakasimama kwa fundi cherehani wakatoa fedha.

Maduka yetu kuwa madogo hakukutokana na umasikini. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti haiwi ndefu, kwa hiyo chumba hakiwi kipana. Kinaishia kwenye mita tatu hivi. Wafanyabiashara wa karne ya 19, wengi wao wakiwa wametoka Kutch na Gujarat huko India, walikifuata kipimo hicho: milango ya mbao ya kukunja mbele, baraza ya kukalia nje, mali ndani, na familia nyuma au ghorofani. Hapo ndipo yalipotoka maduka haya yaliyobanana. Ukitembea mita 30 unapita milango kumi upande mmoja na kumi mingine upande wa pili, na kila mlango una mtu wake na mali yake. Michenzani Mall ina lifti na maegesho na ina wateja wake, wala hatugombani nayo. Huku kwetu kinachouza ni kutembea bila kujua mlango unaofuata una nini. Ukishajua kwamba una kile kile, unageuka kurudi.

Ndiyo maana nashituka kila nikisikia nyundo ndani ya ukuta wa kati. Mpangaji mwenye uwezo anachukua milango miwili, anautoa ukuta unaoitenganisha, anatia kioo kipana na taa za kumeta. Ukuta ule una unene wa karibu nusu mita kwa sababu ndio unaobeba boriti za ghorofa zote za juu. Kisha juu ya chokaa anapiga saruji. Chokaa inapumua, saruji haipumui. Unyevu unaopanda kutoka chini na mvua inayovuja kutoka juu vinakosa pa kutokea, na ukuta unaoza ndani huku nje unang'aa. Siku ya tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Mungu awarehemu. Lile lilikuwa jumba linalotazamwa na dunia nzima. Nyumba ya ghorofa tatu ndani ya Kiponda au Kajificheni nani anaitazama usiku mafundi wanapotoa mawe kwa mikokoteni?

UNESCO iliuingiza mji huu kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, hekta 96 zenye majengo zaidi ya 1,700, na Mamlaka ya Hifadhi ilikuwa imeshaundwa tangu 1985. Kazi iliyofanyika nimeiona kwa macho yangu: Jumba la Dawa la zamani pale bandarini, Forodhani iliyofunguliwa upya mwaka 2009, paa ambazo bila ya msukumo wenu zingekuwa vifusi. Lakini sote, nyinyi na sisi, tumezoea kutazama mlango wa kuchonga, roshani na rangi ya ukuta. Kinachouzwa nyuma ya mlango huo tumekifanya ni hiari ya anayeweza kulipa kodi kubwa zaidi, na humo ndimo mji unapotutoka.

Nitatoa mfano wa mtaani kwangu. Mlango wa jirani alikuwapo fundi cherehani, mtu mzima, akishona kanzu, sare za skuli, na akipinda kanga. Mwanamke akinunua doti kwangu haendi nayo nyumbani hivyo hivyo. Doti ni kipande kimoja. Lazima ikatwe ikawa mbili na pindo zishonwe. Basi anatoka kwangu anaingia kwa fundi, na akingoja anatupia jicho mitandio ya duka la tatu, na mwanawe anamlilia kashata za mzee aliyekaa barazani. Sote wanne tulikula kwa mteja mmoja. Mwenye nyumba akabadilisha masharti: kodi mara tatu, mwaka mzima kwa mkupuo, na kilemba, fedha ya kupewa mlango, juu yake. Fundi akafunga cherehani zake akahamia Ng'ambo. Mwanamke yule naye ameona hakuna haja ya kuja mjini kununua doti kisha apande daladala kwenda kuipindisha; ananunua huko huko. Mwenye kashata kahama. Mlango wa fundi sasa unauza vinyago, kama milango minne inayoufuata, na aliyeukodi ananiambia mwenyewe kwamba mauzo ni madogo kwa sababu wageni hawasimami.

Waheshimiwa, mfano huo unaonesha hasara ya biashara, haukutolewa kwa kuwaonea huruma mafundi. Duka moja likiondoka linaondoka na wateja wa majirani zake. Mwenye nyumba anahesabu kodi ya mlango mmoja. Wa kuhesabu kodi na mauzo ya mtaa mzima ni nyinyi peke yenu.

Kuna na jambo la msimu. Masika yakifika, Aprili na Mei, watalii wanapungua na mitaa ya zawadi inalala. Mwaka 2020 ndege za watalii ziliposimama kwa sababu ya korona, milango mingi ya Gizenga na Hurumzi ilifungwa kwa kufuli, na walioendelea kufungua ni wale wanaouza vitambaa, vyombo, vyakula na dawa. Sikilizeni pia kumi la mwisho la Ramadhani, kuanzia Darajani hadi Mchangani: watu kutoka Makunduchi, Mkokotoni na Pemba, kina mama na watoto waliolala mabegani, maduka wazi hadi usiku mkubwa. Fedha ile ni ya wananchi, inarudi kila mwaka, wala haingoji ndege. Mji wa kibiashara unaojitenga na wateja wa aina hii kwa ajili ya mgeni wa nusu siku unajiweka pabaya. Masoko mapya ya Mwanakwerekwe na Jumbi ni ya kheri na watu wanayahitaji, lakini mteja akishazoea kumaliza mambo yake yote huko, kumrudisha Mji Mkongwe itakuwa kazi nzito. Na kila mnapopanga njia za daladala, kumbukeni kwamba mnunuzi wetu anashuka Darajani kwa miguu yake, na mkimshusha mbali mumemhamishia soko jengine.

Sasa mali yenyewe. Chukueni kofia mbili, ya mkono na ya mashine, mzigeuze ndani nje. Ya mashine ina nyuzi zilizokatika na kuning'inia, na nakshi yake imekaa juu ya kitambaa. Ya mkono kila kitundu kimetobolewa na kuzungushiwa uzi kwa sindano, kimoja kimoja, na upande wa ndani ni safi karibu sawa na wa nje. Mwanamke anayeishona, nyumbani kwake, baina ya kupika na kulea, inamchukua wiki nyingi kuimaliza. Ya mashine inafika kwa katoni kutoka nje. Zote mbili zinawekwa kwenye rafu moja na mgeni anaambiwa zote ni kazi ya Zanzibar. Mwenye kuuza ya mkono kwa bei yake ya haki anaonekana mwizi. Na hali ni hiyo hiyo kwa mikoba ya ukindu, masanduku ya njumu na hata viungo, ambavyo mara nyingine pakiti zake hazisemi vilikolimwa. Tunahitaji alama moja rasmi, ndogo, isiyoigika kirahisi, inayotolewa baada ya mtu kwenda kuiona kazi inapofanywa, na mwenye kuibandika kwa uongo anyang'anywe leseni. Mnunuzi anayejua anachokinunua hulipa. Nawahudumia kila siku, nawajua.

Na kuna asilimia za wapeleka wageni. Siwalaumu vijana wanaotafuta riziki, na waongozaji wengi ni watu wa heshima wanaoijua historia ya mji huu vizuri. Lakini desturi imekuwa kwamba duka lisilotoa fungu kubwa kwa anayeleta wageni halioni mgeni. Kwa hiyo bei zinapandishwa ili fungu litoke, na mgeni akigundua, anauambia ulimwengu kwamba Zanzibar wanapiga watu. Duka dogo la fundi mwenyewe haliwezi kutoa fungu hilo hata likitaka. Wekeni kiwango kijulikane, kiandikwe, na waongozaji walipwe ujira unaotosha na wanaowaajiri.

Najua mtaniambia kwamba soko ni huru na nyumba ina mwenyewe. Sawa. Lakini Serikali na Wakf nao wanamiliki milango mingi ndani ya mji huu. Hamuanzi na mikono mitupu. Wakf ana amana ya kuilinda na masharti ya aliyeweka wakf hayachezewi, kwa hiyo kodi ya bure siiombi. Naomba milango hiyo, mikataba yake inapomalizika, itolewe kwanza kwa kazi zinazoubeba mtaa: fundi cherehani, sonara, muuza haluwa, mshonaji viatu, muuza vitabu, duka la vyakula, mchonga milango. Itolewe kwa mkataba wa miaka mitano au zaidi, kodi ikipanda kwa kiwango kinachojulikana tangu siku ya kutia saini. Mfanyabiashara asiyejua kama mwakani atakuwepo hatengenezi paa, hatii rafu nzuri, hamfunzi kijana kazi. Akijua yupo miaka mitano, anapiga chokaa mwenyewe.

Kwa nyumba za watu binafsi, mnacho kibali. Anayetaka kubadilisha matumizi ya ghorofa ya chini, kutoka duka la mahitaji au karakana kuwa duka la zawadi au mapokezi ya hoteli, aulizwe kwanza: mtaa huu tayari una mangapi ya namna hiyo? Wekeni kiwango kwa kila mtaa, mkitangaze, na kikijaa kimejaa. Wenzetu wamejaribu. Manispaa ya Lisbon, Ureno, mwaka 2015 ilianzisha mpango wa Lojas com História wa kuyatambua na kuyasaidia maduka ya zamani yenye thamani kwa mji, na mwaka 2017 nchi ikatunga sheria inayowapa wapangaji wa maduka ya aina hiyo kinga zaidi wanapotakiwa kuhama. Lisbon inapenda watalii kama sisi tunavyowapenda. Imeona tu kwamba mgeni hapandi ndege kwenda kutazama mtaa wa maduka ya sumaku za friji. Orodha ya maduka ya Mji Mkongwe yaliyokaa vizazi viwili au vitatu haijawa ndefu kiasi cha kushindikana. Kijana mmoja mwenye daftari na mzee mmoja wa mtaa wanaweza kuianza Mkunazini wakaimalizia Shangani.

Mengine ni ya kawaida na mnayajua, nitayapitia haraka. Mitaro inafurika mvua ikinyesha na maji machafu yanaingia madukani. Vespa na bodaboda zinapita njia ambazo watu wawili wakikutana lazima mmoja apishe; wekeni saa za kuingiza mali, asubuhi kabla ya saa tatu, na baada ya hapo iwe miguu na magari ya hamali tu. Taa za njiani zikiharibika zisikae miezi, kwa sababu mtaa wenye giza unafungwa Magharibi, na hizo ndizo saa ambazo watu wa mjini wametoka kazini na wana nafasi ya kununua. Na vyoo. Mwanamke aliyetoka Nungwi na watoto watatu kuja kutafuta nguo za Idi anakwenda wapi? Anaomba kwangu, nampa, lakini wenye maduka wengi hawana cha kutoa. Choo safi chenye maji na mhudumu anayelipwa, kimoja upande wa Darajani na kimoja upande wa Malindi, kitambakisha mteja mjini saa mbili zaidi. Sijui mradi wa utalii unaoleta faida ya haraka kuliko huo.

Tamasha la Sauti za Busara linapofanyika Ngome Kongwe, mitaa inajaa na tunauza. Tunashukuru. Ila ni siku chache, na nyingi ya shughuli zake zinaishia upande wa Forodhani. Mkitaka faida yake iingie ndani, wapeni wageni ramani ya mafundi na maduka ya zamani ya Kiponda, Sokomuhogo na Mkunazini, wajue kwamba mji haukomi Kenyatta Road.

Ninachoomba kwa sasa ni kikao. Kifanyike Ngome Kongwe baada ya sala ya Alasiri, si saa nne asubuhi, kwa sababu wengi wetu tuko peke yetu dukani na kufunga asubuhi ni kupoteza siku, na kina mama wanaoshona kofia wanapata nafasi jioni. Njooni na orodha ya milango ya Serikali na ya Wakf ambayo mikataba yake inamalizika mwaka huu na mwakani, pamoja na kodi zake, na sisi tutakuja na majina ya mafundi waliohamishwa wanaotaka kurudi na kiasi wanachoweza kulipa. Fundi niliyemtaja nimeshamuuliza. Amesema akipata mlango kwa kodi inayobebeka atarudi na cherehani zote tatu.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Mwenye duka la kanga na kofia
Mkunazini, Mji Mkongwe, Zanzibar